Tulilipwa Sawasawa na Tulivyoandika

Sisi ni watoto wanne wa baba mmoja na mama mmoja. Tumekubaliana kuandika ushuhuda huu kwa kinywa kimoja, kwa sababu kosa tulilitenda pamoja. Wapo watakaotaka kujua ni nani kati yetu aliyeshika kalamu siku ile kwenye kaunta ya vifurushi. Hatutasema. Wawili walikuwa wamesimama karibu naye na wa nne alikuwa kwenye simu, na hakuna aliyeuzuia mkono ule.

Baba yetu alikuwa fundi wa reli, Tabora. Wenzake walipotoka kazini walikwenda kucheza bao, naye alikwenda kutafuta sarafu za zamani. Alizipata kwa bibi waliozivaa shingoni tangu usichana wao, kwa wazee waliozichimbia chini ya kitanda, na kwa watu wa Nzega, Urambo na Ujiji waliojua udhaifu wake. Alikuwa na senti kumi za wakati wa Mwingereza, zile zenye tundu katikati. Alikuwa na shilingi ya 1921 yenye simba na milima. Alikuwa na reale kubwa ya Maria Theresa, ambayo imeandikwa 1780 hata kama ilipigwa miaka mingi baadaye. Alikuwa pia na sarafu za kwanza za Tanzania za 1966, zenye sura ya Mwalimu Nyerere upande mmoja na sungura, mbuni au mwenge upande wa pili. Zote aliziandika katika daftari la shule: imetoka wapi, kwa nani, na ameilipia nini.

Lakini mbili ndizo zilizokuwa fahari yake. Ya kwanza ni rupia za madini ya fedha za wakati wa Mjerumani, ambazo alizikusanya zaidi ya hamsini. Ya pili ilikuwa moja tu, ya dhahabu. Mwaka 1916, vita vikiwa vimewafungia Wajerumani njia ya bahari, walianza kupiga sarafu hapa hapa Tabora, katika karakana ya reli. Dhahabu ilitoka mgodi wa Sekenke. Wakapiga sarafu ya rupia 15, yenye tai wa Kaisari upande mmoja, na upande wa pili tembo aliyeinua mkonga mbele ya milima. Mwezi Septemba mwaka huo huo jeshi la Wabelgiji likauteka mji, na kazi ile ikawa imekwisha. Baba aliinunua yake kwa mjane wa fundi mwenzake mwaka 1979, akailipia kidogo kidogo kutoka kwenye mshahara kwa miezi kumi na mmoja. Alipenda kutuambia kwamba yeye na tembo yule wametoka karakana moja.

Baba alipolala katika Bwana, tulifungua daftari lake. Kwenye ukurasa wa mwisho aliandika kwamba senti na shilingi ni za wajukuu. Rupia na ile ya dhahabu ziuzwe, na fedha yake iezeke kanisa la mtaa wetu, ambalo kuta zake zilikuwa zimesimama bila paa kwa muda mrefu. Chini yake aliandika neno moja: nadhiri.

Basi kuanzia siku ile sarafu zile hazikuwa zetu. Zilikuwa amana mikononi mwetu. Tulilijua hilo kwa midomo.

Dada yetu mkubwa anaishi Dar es Salaam. Alimpata huko mthamini anayezijua sarafu za zamani, mtu mwenye subira, ambaye alisema angependa kuona kwanza rupia chache kabla ya kuzungumzia ile ya dhahabu. Tukachagua rupia ishirini na nne. Likaja swali la jinsi ya kuzisafirisha, maana kutoka Tabora hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 800.

Mmoja wetu aliuliza juu ya bima. Shangazi yetu, aliyekuwepo, akasema, "Wanangu, mwenye Mungu ana haja gani na bima? Aliyewalisha Waisraeli jangwani atashindwa na basi la Dar?" Tulilipokea neno lake kwa furaha. Leo tunakiri kwamba hatukufurahi kwa sababu ya imani. Tulifurahi kwa sababu lilitupunguzia gharama.

Tulizitia rupia ndani ya soksi, na soksi ndani ya boksi la viatu. Ukilitikisa, linalia. Tukaliweka mezani, tukaweka mikono juu yake, tukaomba. Tuliomba vizuri sana. Tuliomba malaika wazunguke basi lile mbele na nyuma. Kisha tukaenda stendi, na kwenye fomu, mahali palipoandikwa "Aina ya mzigo", tukaandika: vipuri vya cherehani. Mahali palipoandikwa "Thamani", tukaandika: Sh 30,000.

Tulikuwa na sababu, kama kila mtu anavyokuwa nazo. Tulisema ukitaja fedha unaalika wezi. Tulisema thamani ikiwa kubwa na nauli ya mzigo itakuwa kubwa. Tulisema ni vya chuma vyote, kwani tofauti iko wapi?

Mzigo haukufika. Dada yetu alikwenda ofisi ya vifurushi siku tatu mfululizo. Tabora wakasema ulitoka, na Dar es Salaam wakasema haukuingia. Baada ya majuma matatu tuliitwa. Karani alikuwa mtu mpole na hakutugombeza. Alitoa nakala ya fomu yetu, akaigeuza ituelekee, akaonyesha kwa kidole mstari wa thamani. Akahesabu shilingi elfu thelathini, noti tatu, akatupa kitabu tutie sahihi.

Tulitaka kusema. Mmoja wetu alifungua mdomo aseme, "Ndugu, mle ndani mlikuwa na rupia ishirini na nne za fedha." Lakini angesema nini baada ya hapo? Mwandiko ulikuwa wetu. Tungedai fidia ya rupia, wakati sisi wenyewe tulikuwa tumeshuhudia kwa wino kwamba hakukuwa na rupia. Tukatia sahihi. Tulilipwa sawasawa na tulivyoandika, hakuna senti iliyopungua.

Tulimweleza mama jioni, kwenye baraza. Alisikiliza mpaka mwisho akiwa anachambua mchele, hakuinua uso. Kisha akauliza, "Siku ile mlipoomba, ile karatasi ilikuwa imeandikwa tayari, au bado?"

Tukamjibu kwamba ilikuwa haijaandikwa, ila tulikuwa tumekwisha kukubaliana.

"Basi mlimwomba Mungu awalindie kitu gani?" akasema. "Rupia za baba yenu, au vipuri vya cherehani?"

Hatukuwa na jibu. Usiku ule hakuna aliyekula.

Kwa sababu mali ile ilikuwa nadhiri, haikutosha kulia nyumbani. Ilitupasa kwenda mbele ya baraza la wazee wa ushirika. Tulikwenda na daftari la baba, na nakala ya fomu, na zile noti tatu ndani ya bahasha. Tulidhani tutatengwa na meza ya Bwana, na tulikuwa tayari. Mzee mtunza hazina, ambaye amezishika sadaka za ushirika wetu tangu sisi ni wadogo, alizisoma zile karatasi polepole. Kisha akafungua Biblia katika kitabu cha Ezra, sura ya 8, akatusomea kama mtu anayesoma barua ya nyumbani.

Wengi wetu tunaikumbuka nusu ya sura ile. Ezra anatoka Babeli kwenda Yerusalemu na msafara wa watu na watoto, na anaona haya kumwomba mfalme askari wa kuwalinda, kwa maana amekwisha kumwambia kwamba mkono wa Mungu u juu ya wote wamtafutao. Basi wanafunga na kuomba kwenye mto Ahava. Hiyo ndiyo nusu tunayoihubiri, na ndiyo nusu ambayo shangazi yetu alikuwa anaikumbuka.

Lakini mzee hakuishia hapo. Baada ya kufunga na kuomba, Ezra anawatenga watu kumi na wawili kati ya wakuu wa makuhani. Anawapimia fedha na dhahabu na vyombo, mkononi mwao, kwa mizani: talanta 650 za fedha, talanta 100 za dhahabu, mabakuli ishirini ya dhahabu. Anawaambia wakeshe na kuvitunza mpaka watakapovipima tena mbele ya wakuu Yerusalemu. Na walipofika walipumzika siku tatu, na siku ya nne vikapimwa ndani ya nyumba ya Mungu, kila kitu kwa hesabu yake na kwa uzito wake, na uzito wote ukaandikwa.

"Mnaona?" mzee akasema. "Mtu yule yule aliyeona haya kuomba askari hakuona haya kuleta mizani. Kuomba hakukumzuia kupima. Na alipopima, hakuandika vipuri vya cherehani."

Mmoja wa wazee alicheka, kisha sisi nasi tukacheka, ndipo machozi yakatutoka. Tuliombewa. Tukaambiwa turudi nyumbani tukaitimize sehemu ya nadhiri iliyobaki. Na tulipotaka kuziacha zile noti tatu mezani, mzee mtunza hazina aliturudishia bahasha, akasema, "Hizi ziwe mwanzo wa ada ya bima."

Tungependa sasa kueleza jinsi tulivyosafirisha sarafu zilizobaki, kwa sababu wako ndugu wengi wenye amana za namna hii: pete za mama, hati, sarafu, vito. Tunaeleza kwa unyonge, kama watu waliojifunza kwa hasara.

Kwanza tulihesabu na kupima. Mtaani kuna sonara mwenye mizani ndogo. Tulimwomba, naye akaja nyumbani nayo, akakaa tangu asubuhi hadi adhuhuri. Kila rupia ilipimwa, na zile nzima zilikuwa na uzito wa karibu gramu 11.66. Ile ya dhahabu ilisoma gramu 7.16. Kila moja tulipiga picha zake mbili, mbele na nyuma, tukaandika mwaka na alama zake, na tukailinganisha na daftari la baba. Orodha ikaandikwa nakala tatu. Mama alitia dole gumba, sonara akatia sahihi, na mzee mmoja wa kanisa akatia sahihi.

Hapo tulipata funzo dogo. Shangazi, kwa moyo mwema, alikuwa amechukua rupia moja na kuisugua kwa limau na jivu mpaka iking'aa kama kijiko kipya. Alisema kitu cha Mungu kiende kikiwa safi. Tulipomtumia mthamini picha yake, alisikitika. Alituambia sarafu ya zamani haisuguliwi kamwe, kwa kuwa ule weusi wa miaka ndio ngozi yake, na ukiutoa umeitoa thamani pia. Mwenye kuijua sarafu hutaka kuiona jinsi ilivyo. Shangazi alinyamaza kidogo, akasema, "Kumbe hata sarafu haitaki kupakwa uzuri isiokuwa nao."

Pili, tulipakia upya. Ile soksi ilikuwa ujinga mtupu, maana sarafu zikigongana hukwaruzana, na mlio wake humwambia kila mchukuzi kilichomo. Mthamini alituelekeza. Kila sarafu ikae peke yake ndani ya kikasha kidogo cha plastiki ngumu, siyo kwenye mifuko ya plastiki laini, ambayo baada ya muda hutoa utando unaoharibu madini. Vikasha vifungwe pamoja visicheze, viwekwe katikati ya boksi imara, na nafasi yote ijazwe karatasi. Boksi hilo liingie ndani ya boksi la pili. Ukitikisa, usisikie kitu. Ndani tukaweka nakala ya orodha. Nje hatukuandika neno sarafu wala dhahabu, bali jina la mtumaji na la mpokeaji tu.

Na hapa tunaomba tueleweke. Boksi kukaa kimya si uongo. Hakuna amri inayotutaka tutangaze mali ya Bwana stendi. Lakini karatasi inapokuuliza na wewe ukatia sahihi, hapo umekuwa shahidi, na shahidi husema kweli. Sisi tulikuwa tumefanya kinyume: boksi letu lilipiga kelele, na karatasi yetu ikadanganya.

Tatu, tulisoma masharti. Hatukuwahi kuyasoma hapo kabla, yale maandishi madogo yaliyo nyuma ya stakabadhi. Tulikwenda kwa wasafirishaji watatu. Wawili wa kwanza masharti yao yalisema wazi kwamba hawapokei fedha, sarafu wala vito, na mtu akivificha ndani ya mzigo hawatawajibika kwa lolote. Maana yake hata kama siku ile tungeandika thamani ya juu lakini tukaendelea kuviita vipuri, tusingelipwa. Tulijifunza pia kwamba kanuni za posta za kimataifa haziruhusu sarafu kutiwa kwenye barua za kawaida. Na wasafirishaji wengi, mteja asipotaja thamani, hulipa fidia kwa kufuata uzito wa mzigo. Ukiwa na sarafu ya gramu saba, utajua mwenyewe utalipwa nini. Wa tatu alikuwa kampuni ya ulinzi inayochukua mali za thamani. Hao walikubali, kwa masharti yao na kwa bei yao.

Nne ikawa bima yenyewe. Afisa wa bima alikuwa kijana mdogo kuliko sisi sote, lakini alituketisha akatufundisha. Alitaka makadirio ya maandishi kutoka kwa mthamini, naye akatupa kutokana na picha na uzito, kwa ahadi kwamba atazikagua zikifika. Alitaka kujua zinapakiwaje, kwa sababu mzigo uliopakiwa vibaya ukiharibika mwenye mali hadai kitu. Alitaka kujua ulinzi unaanzia mlango gani na kuishia mlango gani. Alitueleza kwamba biashara ya bima husimama juu ya kuaminiana: anayekatiwa hutakiwa kueleza kweli yote inayohusu mali yake, hata ile asiyoulizwa. Akificha, hati inaweza kuwa karatasi tu.

Ada ilikuwa nzito kwetu. Na hapo, wapendwa, jaribu lile lile likarudi limevaa nguo nyingine. Mmoja wetu alisema taratibu, "Je, tukitaja nusu ya thamani? Si tutalipa nusu ya ada?"

Yule kijana akachukua kalamu. "Mnaweza," akasema. "Lakini tuseme mali ya kweli ni milioni kumi, nanyi mmekata bima ya milioni tano. Ikapotea sehemu yake yenye thamani ya milioni nne. Mtadhani mtalipwa nne, kwa sababu haizidi tano. Hapana. Mmekata nusu, mtalipwa nusu ya hasara. Mtapata mbili."

Tukatazamana. Hatukuhitaji mchungaji atufafanulie. Tukakata bima ya thamani yote. Mdogo wetu wa mwisho aliuza baiskeli yake, dada alituma kilichokuwa cha kodi ya mwezi ule, na zile elfu thelathini zikawa za kwanza kuwekwa mezani.

Siku moja kabla ya safari tulikuwa na hofu, na mthamini akatuliza kwa simu kwa hadithi ya kweli. Alisema mwaka 1958 mfanyabiashara wa vito wa New York, Harry Winston, alitaka kulitoa almasi kubwa ya buluu iitwayo Hope kwa makumbusho ya Smithsonian yaliyoko Washington. Hakukodi jeshi. Aliifunga kwa karatasi ya kahawia akaipeleka posta kwa rejesta. Gharama yote ilikuwa dola 145.29. Kati ya hizo, stempu zilikuwa dola 2.44 tu, na zilizobaki zote zilikuwa za bima ya dola milioni 1. Ikafika salama. Alitueleza kwamba nguvu ya rejesta ni kwamba kila mkono unaopokea mzigo hutia sahihi kabla mkono uliotangulia haujaachia.

Tulipokata simu mama alisema, "Huyo naye amesoma Ezra." Hatudhani alikuwa amesoma kwa ajili ya kifurushi, lakini tulielewa mama alichokiona. Wale makuhani kumi na wawili walikuwa rejesta ya siku zao. Mtu mwaminifu haogopi kuhesabiwa mkononi. Mtume Paulo naye, alipochukua changizo la makanisa kupeleka Yerusalemu, hakuenda peke yake. Aliwaeleza Wakorintho kwamba anajihadhari asilaumiwe na mtu katika jambo la fedha ile, na kwamba anatunza yaliyo mema mbele za Bwana na mbele za wanadamu pia. Ikiwa Paulo aliwataka mashahidi, sisi tulikuwa nani tutegemee soksi?

Mzigo ulitoka Tabora siku ya Jumanne. Lakiri ilipigwa mbele yetu, na sahihi zikawekwa. Kisha tukarudi nyumbani tukaomba, na sala ile haikufanana na ya kwanza. Ya kwanza ilikuwa ndefu, na katikati yake kila mmoja alikuwa na kitu moyoni ambacho hakutaka Mungu akitazame. Ya pili ilikuwa fupi. Tulimwambia Bwana: tumehesabu, tumepima, tumesema kweli, hapa ndipo mikono yetu inapoishia. Tulilala.

Hatusemi hayo ili mtu adhani bima ni mlinzi. Bima haimzuii mwizi wala haishiki usukani. Kama ile ya dhahabu ingepotea, tungelipwa fedha, lakini tembo wa baba asingerudi. Ule mwendo wa usiku, kilomita zote zile gizani, ulikuwa mikononi mwa Mungu peke yake, mara ya pili kama mara ya kwanza. Tofauti ilikuwa kwetu.

Mthamini, dada yetu na mzee mmoja wa kanisa la Dar es Salaam waliikata lakiri pamoja. Walihesabu kwa orodha. Dada alituweka kwenye simu, akawa anasoma na sisi tunaweka alama kwenye nakala yetu. Alipofika kwenye ile ya dhahabu alinyamaza muda mrefu hadi tukaogopa. Kisha akasema, "Gramu saba, nukta moja sita." Mama alikuwa amesimama mlangoni. Alikaa chini pale pale kizingitini, akafunika uso kwa kanga.

Sarafu ziliuzwa, na kila shilingi ilipita mezani kwa wazee. Mabati yalinunuliwa na mbao zikapandishwa. Leo ukija mtaa wetu utaliona paa lile kutoka barabarani.

Lakini ukiingia ndani utaona jambo jingine. Upande wa kushoto, juu ya viti vya kwaya, hakuna bati. Pana turubai. Fedha iliishia hapo. Tulipiga hesabu na fundi, na tukaona kwamba sehemu ile inakaribiana na thamani ya zile rupia ishirini na nne. Ushirika haukutulaumu, na hakuna aliyewahi kutusema hadharani. Tumeahidi kuimaliza sehemu ile sisi wenyewe, kidogo kidogo, kama baba alivyomlipa yule mjane, na tumekwisha kununua mabati manne.

Shangazi yetu huimba sauti ya pili, na kiti chake kiko chini ya turubai lile. Mvua ikinyesha wakati wa ibada, hulisogeza kando kitabu chake cha nyimbo lisidondokewe, akatutazama sisi tulioketi upande wa bati. Juzi alituita baada ya ibada. Alisema anataka kumpelekea mjukuu wake aliyeko Mwanza pete ya ndoa ya marehemu mume wake, naye ameipima kwa sonara na kuiandika. Akatoa karatasi iliyokunjwa.

"Nisomeeni, wanangu," akasema. "Nimeandika kweli yote?"

Tulisoma. Ilikuwa kweli yote. Tukatia sahihi chini, wote tuliokuwepo, kama mashahidi.